Maji ya Papa Wafula

Juzi binti yangu alikoroga unga wa wimbi kwa ajili ya uji, akaitwa na jirani, akausahau. Nilipokuja kuinua kifuniko cha sufuria, harufu ile chachu ilinipanda puani nikalazimika kuketi. Binti yangu alitaka kumwaga. Nikamwambia, "Acha kwanza." Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama uzee wa mama yake umeanza. Haukuwa uzee. Alikuwa ni mama yangu mimi, amesimama mbele yangu na shuka yake nyeupe, msalaba uliochanjwa kwa wino wa kijani kwenye paji la uso, ameinamia chungu cha unga na kukichungulia kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala.

Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka Kitale ile ya zamani: stesheni pale reli inapokomea, magunia ya mahindi yamepangwa mpaka yakawa marefu kuliko nyumba, na malori ya kwenda Lodwar yakirudi yamejaa vumbi jeupe utadhani yamepakwa chokaa. Pengine mnawakumbuka pia watu waliokaa kwenye mahema nyuma ya stesheni, ambao mji mzima uliwaita Wahabeshi. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto wale.

Tulikimbia vita. Waitalia walipoingia kwetu, baba yangu alituchukua mimi na mama, pamoja na mjomba wake mama, tukateremka kusini kwa miguu hadi nchi ya Waturkana. Baba alishikwa na homa huko njiani, akafia Lodwar. Tulipopakiwa kwenye lori la kuja Kitale, Mama alikuwa mjamzito na hakusema neno safari nzima. Aliyesema ni yule mjomba wake, ambaye mimi nilimwita Babu Gebre. Babu alikuwa shemasi na mwimbaji wa kanisa. Alikuwa mkali, mwenye jino bovu lililomuuma kila mvua ilipokaribia, na alibeba fimbo ndefu ya kuegemea wakati wa ibada, maana kwetu ibada ni ya kusimama, tena kwa saa nyingi. Kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuokoa katika nyumba inayoungua, yeye aliokoa fimbo.

Pale Kitale hakuna aliyejua tuwekwe fungu gani. Kulikuwa na mwenye duka mmoja Mwislamu aliyeona Mama amejitanda nyeupe, hagusi nguruwe, na kila Jumatano na Ijumaa anashinda na njaa. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama akatuletea tende. Babu alizimaliza zote, kisha akamwonyesha msalaba wake wa shingoni. Yule bwana akacheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Basi mzee, zimekwisha ingia tumboni, zitafanya nini tena?" na wiki iliyofuata akaleta nyingine. Wazungu wa misheni nao walikuja. Waliona uzi mweusi shingoni mwangu, ule tunaofungwa siku ya kubatizwa, wakadhani ni hirizi ya mganga. Wakasema tunakaribishwa, lakini itabidi tufundishwe dini upya.

"Upya!" Babu alisema walipoondoka. "Babu zao walipokuwa wakiabudu miti, sisi tulikuwa tunafunga Kwaresima."

Papa Wafula alikuja Kitale kununua mahindi. Alikuwa na kinu cha maji huko upande wa Bungoma, na alimkuta Mama akishona magunia yaliyopasuka pale stesheni. Alisimama akamtazama kwa muda, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, wewe unashona vizuri. Mimi niko na kinu. Mke wangu anatafuta mtu wa kupepeta unga na kushona magunia. Nyumba iko."

Mama akamjibu kwa maneno machache aliyoyajua, "Bwana yangu amekufa. Niko na mzee."

"Kuja na huyo mzee," alisema Papa Wafula.

Serikali iliruhusu wenye kupata mwenyeji waondoke kwenye mahema, kwa hiyo tukapanda mkokoteni wake wa ng'ombe, juu ya magunia, na Babu akikaa mbele na fimbo yake kama jemadari.

Kinu kilikuwa bondeni. Mfereji uliochimbwa kwa jembe ulileta maji kutoka mtoni, yakashuka kwenye gurudumu kubwa la mbao, na gurudumu likazungusha mawe ndani ya kibanda. Kutwa nzima ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zako kidogo, kama ubavu wa ng'ombe anayecheua. Watu walipanga foleni tangu alfajiri na vikapu vyao vya mahindi na wimbi na mtama, na jioni kila mtu alikuwa mweupe nyusi. Nilipenda mahali pale tangu siku ya kwanza. Baada ya jangwa lile, mimi niliona kwamba nchi ambayo maji yamepewa kazi ni nchi tajiri kuliko zote.

Mke wa Papa Wafula aliitwa Nanjala. Watoto wake walimwita Mayi, nami nikamwita hivyohivyo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, na jina langu, Hirut, lilimshinda kabisa. Akaniita Iluti, na Iluti nikabaki. Yeye ndiye aliyempokea mdogo wangu siku alipozaliwa, mvua ikinyesha, akamnyanyua akasema, "Mwanaume! Huyu amekuja na mvua kama Wafula," maana kwao Wafula ni jina la mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua. Mama alilia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Lodwar, halafu akalala usingizi mzuri.

Sasa, Mama alikuwa hajala mkate wa nyumbani tangu tulipovuka mpaka. Nafaka ya kwetu haikuwapo Bungoma, lakini wimbi ilikuwapo tele. Akakoroga unga wa wimbi na maji, akafunika chungu, akauacha uchachuke ili aumimine kwenye kikaango cha udongo kama chapati pana. Harufu ikatoka. Ikapita kwa jirani, ikapanda kilima, ikafika kanisani. Na kanisa la pale, ambalo Papa Wafula alikuwa mzee wake, lilikataza pombe kwa ukali ambao mnaukumbuka wenyewe. Wimbi iliyochachuka kwao ilikuwa kitu kimoja tu: busaa.

Wakaja wanawake wanne, wamevaa nguo za Jumapili siku ya kazi. Mayi Nanjala aliwaongoza, na uso wake ulikuwa mzito maana nyumba ilikuwa yake.

"Mama Iluti," alisema, "ati unapika pombe kwa boma la mzee wa kanisa?"

Mama hakuelewa neno pombe. Alielewa tu kwamba wageni wamefika. Akawaketisha, akachochea moto, akamimina ule ujiuji kwenye kikaango kwa kuuzungusha. Wanawake walinyoosha shingo kuona pombe inageuka chapati yenye vitundu. Akaitandaza kwenye ungo, akaweka mboga ya kunde juu yake, akamega tonge la kwanza na, kama ilivyo desturi yetu, akampelekea Mayi Nanjala mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Mayi Nanjala alikuwa hajalishwa tangu utotoni. Alifungua mdomo kwa mshangao zaidi kuliko kwa njaa. Alitafuna. Sisi sote tulimtazama.

"Ni kali," alisema. Akatafuna tena. "Lakini si pombe." Halafu akawageukia wenzake. "Mbona mnanitazama? Si mkule."

Tangu siku hiyo walimtetea Mama kila mahali. Lakini mambo ya kanisa yenyewe yalibaki palepale. Jumapili wao walikwenda kwao, na sisi tulisali nyumbani, Babu akiimba kwa lugha ya kale ambayo hata Mama hakuifahamu yote. Mimi nilikwenda nao mara moja kwa sababu watoto wa Papa walinivuta mkono. Niliona watu wamekaa kimya. Hakuna uvumba, hakuna ngoma, hakuna picha. Walikaa kimya muda mrefu, halafu mtu mmoja akasimama akaomba, wakakaa kimya tena. Nilimweleza Babu.

"Na hao ni Wakristo?" aliguna. "Hata hawabatizi kwa maji. Nilimuuliza Wafula mwenyewe. Anasema ati wanabatizwa kwa Roho."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Hawabatizi kwa maji. Nilikwenda kukaa kando ya mfereji nikitafakari, nikayatazama maji yakishuka kwenye gurudumu bila kupumzika, nikaelewa kila kitu. Maji yao yalikuwa na kazi! Yangewezaje kubatiza watu na yana mahindi ya kata nzima ya kusaga? Niliwahurumia sana. Niliona ni watu wema waliokosa nafasi.

Huruma hiyo ilinihusu pia mimi mwenyewe, kwa sababu mdogo wangu hakuwa amebatizwa. Hapakuwa na kasisi wetu popote. Babu alikuwa shemasi, na shemasi habatizi. Mama alimsihi, akakataa huku machozi yakimlenga. Kwetu jina kamili hutolewa siku ya ubatizo, kwa hiyo mtoto alibaki Mamush, ambalo ni neno tu la kumwita mtoto wa kiume, kama mtu kusema "kadogo." Alijifunza kukaa akiwa Mamush, akajifunza kutembea akiwa Mamush, akaanza kukimbiza kuku wa Mayi Nanjala akiwa Mamush. Mama alimfuata kwa macho kila mahali. Homa kidogo ikimshika, Mama hakulala. Njiani tulipokuwa tukikimbia alimwona mwanamke mwenzake akizika mtoto ambaye hajabatizwa, bila wimbo, bila jina la kusema juu ya mchanga, na hilo halikumtoka.

Halafu vita vikageuka. Habari zikaja kwamba Waitalia wameshindwa na mfalme wetu amerudi. Dereva mmoja wa lori alituambia Wahabeshi wanakusanywa tena Kitale ili warudishwe kwao, na kwamba miongoni mwao yuko mzee mwenye kilemba cheupe anayebusiwa msalaba na watu wote. Babu aliposikia habari za kilemba, hakungoja kumaliza chai. Aliondoka, na jino lake likimuuma, akarudi siku chache baadaye akiwa ameketi kwenye lori la mahindi pamoja na kasisi halisi, mwembamba, mwenye mwavuli uliochanika, aliyebeba kichupa cha mafuta matakatifu alichokuwa amekificha kifuani miaka yote ya vita.

Mama alianguka miguuni pake. Mpango ukafanywa upesi: mtoto abatizwe Jumapili, na Jumatatu ya wiki iliyofuata sisi sote tupande lori la kwenda kwetu. Mama hangeweza kumpitisha tena jangwani bila ubatizo, lakini akishabatizwa, twende. Alianza kufunga mizigo.

Kasisi alitaka maji safi yanayotembea. Mtoni kingo zilikuwa za matope na mvua ilikuwa imefurisha. Mahali pamoja tu ndipo palipofaa, pale mfereji unapoingia kwenye bwawa dogo la mawe kabla ya gurudumu.

Habari haikukaa. Jumamosi alasiri wazee wawili wa kanisa walikuja kwa Papa Wafula, wakakaa uani. Mimi nilikuwa nawapelekea kahawa.

"Wafula," alisema yule mkubwa, "watu wanasema kesho kutakuwa na ubatizo wa maji kwa kinu chako. Wewe ni mzee wa kanisa. Umekaa benchi ya mbele tangu kanisa lilikuwa la nyasi. Tutaambia watu nini?"

"Hawa ni wageni wangu," alisema Papa Wafula.

"Walishe. Wavalishe. Hiyo hatukatazi. Lakini usilete mambo ya maji hapa. Tuliacha hayo mambo."

Kule ndani, Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amembeba Mamush, na nilimwona anavyobana midomo. Nilijua jambo ambalo wakubwa wote hawa walikuwa wamelisahau, na nilishindwa kulizuia.

"Papa," nikasema, "kesho ni Jumapili. Kinu hakisagi. Maji hayana kazi. Si utuazime tu, Jumatatu yarudi kusaga?"

Wale wazee walinitazama, mimi na sinia yangu. Mmoja akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka na anajaribu kuficha. Mayi Nanjala alipiga kofi jikoni akasema, "Eeh! Iluti!" Papa Wafula peke yake hakucheka. Alinitazama kwa makini, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato kwenye shamba lake mwenyewe.

"Mnaona," aliwaambia wazee. "Mimi sibatizi mtu. Jirani akikuja kuniazima jembe, simuulizi atapanda nini."

"Tutakutoa kwa benchi, Wafula."

"Benchi ni yenu," alisema. "Maji ni yangu. Kunyweni kahawa, inapoa."

Asubuhi ya Jumapili Papa Wafula alishusha mlango wa mbao wa kuzuia maji, gurudumu likasimama, na bwawa likajaa taratibu mpaka likatulia. Sikuwahi kusikia bonde lile likiwa kimya namna hiyo. Kasisi aliyaombea maji muda mrefu. Babu aliimba, ameegemea fimbo yake, na sauti yake ilikuwa ya kijana. Wanawake wa kanisa walikuja wakakaa kwenye nyasi mbali kidogo, kimya, vile walivyozoea kuabudu, wala hakuna aliyewaambia waondoke.

Kisha kasisi akauliza swali ambalo Mama alilisahau kwa furaha: baba wa ubatizo ni nani? Kwetu lazima awepo mtu wa kumpokea mtoto kutoka majini, na asiwe ndugu wa damu. Wahabeshi wengine walikuwa Kitale. Mama alimtazama Babu, lakini Babu ni damu. Mamush, uchi na mwenye hasira, alikuwa anampiga kasisi mateke ya kifua.

"Anataka nini?" aliuliza Papa Wafula. Mama akamweleza.

Papa Wafula alivua koti, akashuka kwenye mawe, akasimama maji yakimfika magotini. "Nitamshika mimi," alisema.

Kasisi akamtazama, akamgeukia Babu, akauliza kwa lugha yetu, "Mtu huyu amebatizwa?"

Babu akamuuliza Papa Wafula kwa Kiswahili chake kibovu. Papa Wafula akajibu bila kusita, "Ndio. Nilibatizwa kwa Roho."

Nilimtazama Babu. Nilijua alivyoyacheka maneno hayo miaka yote, jikoni, barabarani, hata akiumwa na jino. Maji yalikuwa yanadondoka juu ya mlango wa mbao, tone, tone. Kisha akamgeukia kasisi, akasema kwa lugha yetu, polepole:

"Anasema ndiyo, Baba. Amebatizwa."

Mamush alizamishwa mara tatu, akatoka akipiga kelele ambazo sijui kama zimesikika tena bondeni, na Papa Wafula akampokea akamkumbatia kwenye shati lake zuri la Jumapili. Kasisi akampaka mafuta, akamfunga uzi mweusi shingoni, akamwita Wolde Mikael. Mayi Nanjala alijaribu kulitamka mara mbili, akakata tamaa, akasema, "Mikaeli. Sasa amekuwa mtu."

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya lori. Mama aliniambia twende tumuage Mayi Nanjala na wenzake kanisani, maana huko wangekuwa wote pamoja. Hakuwahi kulikanyaga kanisa lile. Alikusudia kusimama nje chini ya paa na kungoja. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlangoni tuliona benchi ya mbele ya wanaume, ina pengo. Papa Wafula alikuwa ameketi nyuma kabisa, peke yake, kwenye benchi ya watoto iliyo fupi, magoti yake yamemfika kifuani. Walitimiza walivyosema. Ni kweli kwamba walimrudisha mbele hata kabla mavuno hayajaisha, na yule mzee mkubwa ndiye aliyemwendea; lakini siku ile hakuna aliyejua hilo.

Mama alisimama akimtazama. Kisha akafunika kichwa vizuri, akamnyanyua Mikael, akaingia. Wanawake walikaa kushoto na wanaume kulia, hakujali. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi ile ya nyuma, akaketi kando ya Papa Wafula, akamkalisha mtoto wake juu ya magoti marefu ya Papa. Watu waligeuza shingo. Hakuna aliyesema, kwa sababu ulikuwa wakati wa kukaa kimya. Mayi Nanjala akainuka kutoka mbele, viatu vyake vikilia sakafuni, akapita katikati ya kanisa zima, akaja akajibana nasi. Benchi ilikuwa fupi. Mimi nilikaa chini, mgongo wangu kwenye miguu ya Mama, na kwa mara ya kwanza ule ukimya wao haukunitisha. Niliusikia kama kitu ambacho watu wanakishika pamoja, kila mmoja upande wake.

Jioni, jua likiwa bado kwenye migomba, Babu alikuja mlangoni na fimbo yake. Alikuwa amenyolewa vizuri. Lori la kwenda Kitale lingepita alfajiri, na kasisi alikuwa akimngoja.

"Mizigo imefungwa?" akauliza.

Mama alikuwa ameinama, anakoroga unga wa wimbi kwenye chungu, kiasi cha kula siku nyingi zijazo. Hakuinua kichwa.

"Wako umefungwa, mjomba," alisema.